Kamera ya kutikisika au kamera iliyotulia: filamu ipi ya dubwana uitazame usiku wa leo?

Mara ya kwanza kuitazama Cloverfield nilikuwa kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, jasho, watu kama sitini na runinga moja iliyofungiwa ndani ya kasha la nondo. Dakika ya kumi hivi kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Bosi, rekebisha mkanda, unacheza huo!" Mwenye kibanda akainuka, akaigonga deki mara mbili, akatoa CD, akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Picha ikaendelea kutikisika vilevile. Ilibidi mtu aliyewahi kuiona atuambie kwamba ndivyo ilivyopigwa, makusudi kabisa, na kwamba kuna watu walilipwa kuitikisa. Nusu ya ukumbi ikadai hela yake. Nusu iliyobaki, mimi nikiwemo, tulitoka usiku ule tukitembea karibukaribu.

Tangu hapo, kila mtu anaponiomba nimchagulie filamu ya dubwana, ugomvi ni uleule: hii staili ya mkanda uliookotwa inasaidia au inaharibu? Nazungumzia zile filamu zinazojifanya ni video halisi iliyopigwa na wahusika wenyewe, kisha ikakutwa baada ya wao kupotea au kufa. Nitaweka mbili za aina hiyo mezani: Cloverfield ya Marekani (2008) na Trolljegeren ya Norwei (2010), ambayo wengi wanaijua kwa jina la Trollhunter. Upande wa pili nitaweka moja ya kamera ya kawaida, The Host ya Korea Kusini (2006). REC ya Hispania (2007) nitaigusa kidogo, kwa sababu kuna jambo moja inalifanya kuliko zote. Nitataja ya ndani, mpaka nani anakufa. Usiyetaka kuharibiwa utamu, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya mwisho.

Mchawi anaweza kujificha, dubwana haliwezi

Staili hii ilijaa duniani mwaka 1999 na The Blair Witch Project: vijana watatu wanaingia na kamera kwenye msitu wa Maryland kumtafuta mchawi. Mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Kuna sauti za usiku, vijiti vilivyofungwa na kuning'inizwa mitini, mtu amesimama ameelekea ukutani, basi. Iliingiza karibu dola milioni 250, na gharama ya kuipiga ilikuwa ndogo mno, maana hapakuwa na kitu cha kutengeneza.

Sasa, mchawi asipoonekana anazidi kutisha. Dubwana lenye ukubwa wa ghorofa lisipoonekana, mtazamaji anajiona ameibiwa. Huo ndio mtihani wenyewe. Staili inaishi kwa kumnyima mtu, na mtu amekuja kuona.

Cloverfield, iliyoongozwa na Matt Reeves na kutayarishwa na J.J. Abrams, inautatua mtihani huo kwa ufinyu wa picha. Rob anahamia Japani kikazi, marafiki wanamfanyia sherehe ya kumuaga huko Manhattan, New York, na mmoja wao, Hud, anasukumiwa kamera arekodi salamu za kwaheri. Mtetemo, taa zinazimika, watu wanakimbilia nje, na kichwa cha Sanamu ya Uhuru kinatua barabarani na kubiringika. Kinachofuata ndicho ninachokipenda: watu wanakizunguka kile kichwa, wanatoa simu, wanapiga picha. Hiyo ni 2008, simu zenyewe za kubofya.

Dubwana tunalipata kwa vipande. Mguu unapita kati ya majengo. Mgongo. Kitu kizito kinalipiga Daraja la Brooklyn na kaka yake Rob anaondoka nalo. Tunapoliona kwa nafasi kidogo ni kwenye runinga za duka la vifaa vya umeme, Rob alipoingia kutafuta betri ya simu: helikopta ya habari iko juu, Hud yuko chini, kwa hiyo inabidi kamera ya Hud iipige picha kamera ya watu wengine. Huo ni ujanja mzuri. Filamu inakiri kwamba aliye chini haoni kitu, na hapo hapo inakupa ulichokilipia.

Halafu kuna lile wingu la vumbi. Jengo linaanguka, moshi wa kijivu unajaa mtaani, watu wanajitupa ndani ya duka, wanatoka wamepakaa vumbi kama waliochovywa kwenye unga. Mmarekani yeyote aliyeitazama alijua inatoka wapi. Septemba 11 ilikuwa na miaka sita na ushei tu, na dunia nzima iliijua siku ile kupitia video za watu waliokuwa mitaani. Mimi nililielewa vizuri zaidi baadaye, ghala la silaha la Gongo la Mboto, Dar es Salaam, lilipolipuka Februari 2011 na jirani akanionyesha klipu aliyopiga kwa simu. Karibu yote ni ardhi. Kandambili za mtu aliye mbele, mchanga, ukuta, mara anga jekundu kwa sekunde moja, kisha ardhi tena, na mwanamke mahali fulani anaita jina la mtoto. Hakuna mlipuko ulioonekana kwenye klipu ile, na sijaona mwongozaji aliyepiga kitu kilichonikaa kifuani vile. Cloverfield inaazima hofu ya aina hiyo na kuipachika kwenye dubwana la kompyuta. Inafanikiwa kwa muda mwingi kuliko nilivyotegemea.

Mkono wa mtoto wa mtu mwingine

The Host inafanya kinyume kabisa, na inafanya mapema. Ukingo wa Mto Han, Seoul, mchana kweupe. Kitu kinaning'inia chini ya daraja, kinajiachia majini. Watu wanasogea kutazama, wanakirushia makopo ya bia na vitafunwa kama wanaolisha bata. Muda si muda kinatokea upande mwingine, kinakuja mbio ukingoni, kinawapiga watu kumbo. Filamu ina saa mbili, na kabla ya robo saa ya kwanza kumalizika mwongozaji Bong Joon-ho ameshatuonyesha dubwana zima, mdomo mpaka mkia, juani. Mwenye kuamini kwamba kitisho ni kuficha ataona huo ni ubadhirifu.

Lakini tazama anachonunua kwa ubadhirifu ule. Gang-du, baba mzembe anayeuza vitafunwa kwenye kibanda cha mtoni, anamshika mkono binti yake Hyun-seo, wanakimbia. Kundi linawasukuma, wanaanguka. Anainuka, anapapasa, anadaka mkono, anaendelea kukimbia. Hatua kadhaa mbele anageuka. Msichana aliyemshika amevaa sare ya shule kama ya Hyun-seo, ila si Hyun-seo. Kule nyuma mwanawe ndiyo kwanza anainuka peke yake, na mkia unamfikia.

Jaribu kuipiga hiyo kwa kamera ya Hud. Haipigiki. Ungeona lami, ungesikia pumzi, kisha mtu angepiga kelele kwamba wamemwacha mtoto. Kinachoua pale ni sekunde ya uso wa baba kabla hajaelewa, kisha anaelewa, na kwa hilo unahitaji kamera isiyo ya mtu yeyote, inayoweza kusimama mbele yake bila kuulizwa imefikaje. Mkanda uliookotwa unakupa miguu na mapafu ya anayekimbia. Uso wake haukupi.

Na baada ya hapo kuna msiba. Familia inakutana kwenye ukumbi uliojaa picha za waliokufa, wanaangua kilio, wanaangukiana, wanagaragara sakafuni hadi waandishi wa habari wanawapiga picha, na wewe unajikuta unacheka huku koo limebana. Nani angerekodi hilo akiwa ndani yake? Kwenye Cloverfield Rob anapompoteza kaka yake anapewa dakika chache ngazini na simu, kwa sababu kamera lazima ikimbie tena. Ndiyo maana mpaka leo ukiniuliza majina ya kwenye Cloverfield nitakutajia manne nikikuna kichwa, na ile familia ya mtoni nawajua kama majirani.

Kuna watu hudhani staili hii ni njia ya mkato ya wasio na hela. Cloverfield iligharimu takriban dola milioni 25, The Host kama milioni 11. Dubwana ni dubwana, lazima litengenezwe, hata likionekana mguu tu. Zote mbili zilirudisha hela yake bila shida. Ile ya Marekani iliingiza kama milioni 170 duniani, na ya Korea iliuza tiketi zaidi ya milioni 13 nyumbani kwake.

Mbona hatupi hiyo kamera?

Hili ndilo swali ambalo kila kibanda hulipiga kelele, na wako sahihi. Mtu anafukuzwa na kitu chenye meno, mkono mmoja ameshika kamera, na bado anajali picha isikatwe kichwa! Hud anajitetea kwamba watu watataka kujua ilivyokuwa. Sawa, kwa saa moja unamkubalia. Kwenye ghorofa lililoinama, wakimwokoa Beth, msichana anayependwa na Rob, ule utetezi unaanza kuchanika. Mwenzako ametobolewa na chuma begani na wewe unarekodi?

Tofauti ya staili hii ikifanya kazi na ikikwama inaanzia hapo. Mwenye kamera awe na sababu. REC inayo mbili. Ya kwanza, Ángela ni mtangazaji wa televisheni, na Pablo mpigapicha wake yuko kazini. Wamefuatana na wazima moto wa Barcelona kwa kipindi cha usiku na wakafungiwa ndani ya jengo pamoja na ugonjwa uliomo. Ya pili ndiyo ninayoisifu: mwishoni, kwenye chumba cha juu chenye giza totoro, kamera ndiyo macho. Taa yake ikipasuka wanabaki na ile picha ya kijani ya kuonea gizani, na Ángela haoni chochote isipokuwa anachoambiwa na aliyeshika kamera. Pale hakuna anayeuliza mbona haitupwi. Akiitupa, amekufa. Cloverfield inalipata hili kwa dakika chache kwenye handaki la treni, wanapowasha mwanga wa kijani na kukuta dari ina wapangaji. Ndiyo dakika bora za filamu nzima, na si kwa bahati.

Halafu kuna Trollhunter, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoielewa staili hii kuliko zote, ingawa haitishi sana. Wanafunzi wa chuo cha Volda wanamfuatilia mwindaji wanayemshuku kuua dubu bila kibali. Yule bwana, Hans, kumbe ni mtumishi wa serikali, na kazi yake ni kuua mazimwi ya milimani yanayotoka nje ya maeneo yao. Amechoka. Hapati malipo ya ziada ya usiku. Ndiyo maana anawaruhusu wamrekodi: anataka siri itoke. Sababu ya kamera ikapatikana, na ya kibinadamu kabisa.

Uzuri unaanzia kwenye makaratasi. Zimwi lenye vichwa vitatu limegeuzwa jiwe kwa taa kali, bado linatoa moshi wa vumbi, na Hans anatoa fomu na kuijaza. Kila zimwi, fomu. Zile nyaya kubwa za umeme unazoziona zimekatiza milima? Ni uzio wa kuyazuia. Huamini kwa sababu umeona manyoya yametengenezwa vizuri. Unaamini kwa sababu unaijua serikali, na unajua mzee wa namna hii aliyebakiza miaka michache kustaafu. Mwongozaji André Øvredal anajua kwamba kipindi cha televisheni cha kuelezaeleza mambo kinaaminika zaidi kuliko mayowe.

Na kama zimwi la hadithi za bibi, haya nayo yananusa. Yanasikia harufu ya damu ya Mkristo. Hans anawauliza mapema kama kuna aliye muumini, wote wanakana. Mpigapicha Kalle alikuwa anaficha, na inamgharimu maisha. Anayekuja kuchukua kamera, Malica, ni Mwislamu. Wanamuuliza Hans: je, huyu? Hans anawaza kidogo. Hajui, wataona hukohuko. Nilipoitazama Tanga na watu mchanganyiko sebuleni, ilibidi tusimamishe mpaka kicheko kiishe.

Mwishoni wamebandika kipande cha Waziri Mkuu halisi wa wakati ule, Jens Stoltenberg, kikiwa kimekatwa ili aonekane anakiri mazimwi yapo. Ukweli ni kwamba Norwei ina eneo la mafuta na gesi baharini linaloitwa Troll, na mzee wa watu alikuwa akizungumzia hilo. Hakuna filamu ya kamera tulivu inayoweza kufanya utani huo ukakaa.

Tumbo, masikio na kioo

Mambo ya vitendo sasa. Cloverfield inatapisha, na sisemi kwa mfano. Ilipotoka, baadhi ya majumba ya sinema Marekani yalibandika matangazo ya kuwaonya watu wa kizunguzungu. Kama husomi ndani ya basi bila kuhisi vibaya, usikae karibu na runinga kubwa. Kwenye kioo kidogo inavumilika, na kuna faida ya ajabu: kwenye simu inafanana na klipu uliyotumiwa kwenye kundi la familia usiku wa manane, na inauma zaidi. Trollhunter inatikisika kistaarabu, maana mshika kamera ana mafunzo kidogo na milima haikimbii. The Host usiitazame kwenye simu. Utaukosa ule mto, ile mvua, na dubwana likiwa mbali nyuma ya mtu asiyejua.

Sauti je? Cloverfield haina muziki wa kusindikiza, kama video yoyote ya sherehe isivyokuwa nao; muziki wa Michael Giacchino unakuja tu majina yakianza kupanda. Katikati kuna ukimya, pumzi, vyuma vikilia mbali. Hapa watafsiri wetu wa vibandani, ambao nawapenda, huimaliza kabisa. Mtafsiri haachi ukimya. Hud akinyamaza yeye anajaza, na akishajaza hofu imekwisha. The Host kinyume chake inamfaa mtafsiri mzuri: watu wanagombana, wanatukanana kifamilia, mzee anatoa nasaha huku watoto wamesinzia. Hiyo ni mali ya Kiswahili tayari. Trollhunter na The Host si za Kiingereza, kwa hiyo bila mtafsiri utasoma maandishi ya chini muda wote. REC nayo ni Kihispania, ila ndani ya dakika arobaini utaacha kusoma, mayowe yanaeleweka.

Basi uchukue ipi

Uko peke yako, taa zimezimwa, una hedifoni, unataka kuogopa na kulala ndani ya saa moja na nusu: Cloverfield, dakika 85 tu. Ukiwa na roho ngumu zaidi chukua REC, fupi kuliko hiyo na kali kuliko zote hizi, ingawa wanaotaka dubwana kubwa watanung'unika kwamba kilichomo ni wagonjwa na kiumbe kimoja chembamba cha darini.

Nyumba ina wageni, kuna shemeji asiyependa filamu za kutisha, kuna vijana wa sekondari: Trollhunter, bila kufikiri mara mbili.

Ukiwa na jioni nzima na runinga ya maana, hata kama umesema hutaki kulia, weka The Host. Ukinibana nichague moja ya kubaki nayo, naichukua hiyo, na nasema hivyo nikiwa mtetezi wa kamera za kutikisika kwa miaka yote hii. Usiku wa kwanza Cloverfield iliniogopesha kuliko The Host. Mara ya tatu haikuniogopesha tena, nilishajua dubwana linatokea kona ipi. Ule mkono wa mtoto wa mtu mwingine nimeuona mara sita au saba, na bado nikikaribia pale natafuta sababu ya kwenda jikoni.

Ukichukua Cloverfield, usiruhusu mtu kuwasha taa mapema. Kipande cha mwisho ni cha siku za raha, Rob na Beth kule ufukweni Coney Island, kilichobaki kwenye mkanda uliorekodiwa juu yake. Waache waongee, wewe tazama bahari iliyo nyuma yao, kuna kitu kinadondoka. Kisha vumilia majina yapande mpaka mwisho kabisa. Kuna sauti ya redio inayokwaruza, kama mtu anaomba msaada. Wenye subira waliicheza kinyumenyume wakasikia maneno mengine: bado kiko hai.